Msuluhishi wa Jina Tavanelle

Solange Berthoud alikuwa amekwisha kutia sahihi kwamba hamjui yeyote katika shauri lile, ndipo akafika kwenye kiambatisho kilichomwonyesha kwamba anamjua.

Lilikuwa shauri lake la kwanza. Alikuwa wakili wa Lausanne, mwenye ofisi ndogo juu ya duka la miwani, ambayo alichangia kodi yake na wakili mwenzake, Tancrède Mottier. Kwa muda mrefu alikuwa ameomba aingizwe katika orodha ya wasuluhishi wa kituo kimoja cha Geneva, kile kinachoamua ugomvi wa majina ya tovuti. Mtu akisajili jina la tovuti linalokaribiana na alama ya biashara ya mwingine, hushtakiwa huko. Hakuna ukumbi wala mashahidi wa kusimama na kuapa. Mlalamikaji huandika, mlalamikiwa hujibu akipenda, na msuluhishi mmoja husoma karatasi za pande zote mbili mezani kwake, mahali popote alipo, kisha huamua jina libaki lilipo au lihamishwe. Watu hao watatu hawaonani kamwe.

Hilo ndilo lililomvutia Solange. Aliamini kwamba mtu asiyeonekana hawezi kuhukumiwa kwa lafudhi yake, wala kwa koti lake, wala kwa jinsi anavyobabaika akiulizwa jambo. Aliwahi kulisema hilo wakati wa chakula cha mchana, na Tancrède akamjibu kwamba hata faini za kuegesha gari vibaya hutolewa hivyo hivyo, bila mtu kutazamwa usoni.

Mlalamikaji alikuwa kampuni ya Zurich iitwayo Tavanel, inayotengeneza spika ndogo za kuwalaza watoto. Spika hizo zilijaa kila duka la vitu vya watoto, na Solange mwenyewe aliwahi kumpelekea mpwa wake moja. Kampuni ililalamika kwamba mtu aitwaye N. Gander, wa Yverdon, anashikilia jina tavanelle.com, na ikataka apokonywe.

Ili ishinde, ilipaswa kuonyesha mambo matatu: kwamba jina linafanana na alama yake, kwamba aliyelishika hana haki wala sababu ya maana ya kulishika, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. La kwanza halikuhitaji maneno. Kuhusu mengine mawili, wakili wa kampuni, bwana mmoja aitwaye Kistler, aliandika kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuhesabu kura. Gander alilipata jina, alisema, wakati Tavanel imekwisha kuwa maarufu. Majira yote ya baridi ya mwaka ule ukurasa wake ulijaa matangazo ya spika za watoto, ya kampuni shindani, na kila aliyebonyeza alimwingizia mtu fulani faida. Baadaye matangazo yakaondoka, zikaja picha za visanduku vya muziki, vile vya zamani vya kuzungusha ufunguo. Kistler aliviita visanduku hivyo pazia.

Jibu la N. Gander halikujaza ukurasa. Aliandika kwamba jina hilo la tovuti lilikuwa la baba yake, kwamba yeye hutengeneza visanduku vya muziki kama baba yake alivyofanya, kwamba hajawahi kuuza spika na matangazo hakuyaweka yeye. Akamalizia kwa kuomba aachiwe jina, maana wateja hawajui kumpata kwa njia nyingine. Hakuambatisha kitu chochote.

Solange alikuwa ameanza kuandika uamuzi. Alikwisha kuandika kwamba maneno matupu ya mlalamikiwa hayatoshi. Kisha, kwa kuwa ni mtu wa kusoma kila karatasi hadi mwisho, akafungua picha ya ukurasa ambayo Kistler mwenyewe aliiambatisha, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaona tangazo hili: "Saa sita hadi saa nane msipige simu. Nitapokea, na supu itapoa."

Alicheka, kisha akaacha kucheka, kwa sababu alikumbuka kwamba aliwahi kucheka vile vile, mbele ya maneno yale yale.

Ilikuwa zamani, alipokuwa ndiyo kwanza ameanza kazi. Kisanduku cha muziki cha mama yake kilikwama katikati ya wimbo, na mama akawa hana raha. Solange alitafuta mtandaoni, akaiona anwani ile, akacheka tangazo la supu, akaandika. Alijibiwa na mzee mmoja, Edgar Cuendet. Jumamosi iliyofuata alimpandisha mama yake treni ndogo hadi Sainte-Croix, wakafika kwenye karakana yenye harufu ya mafuta ya mashine na gundi. Mzee alikifungua kisanduku na kukiinamia kwa muda mrefu bila kusema neno. Kule nyuma, karibu na dirisha, alikaa mwanamke mwenye lenzi jichoni, ambaye hakuinua kichwa hata mara moja. Mzee alisema ni binti yake, na kwamba wasimsemeshe, anahesabu meno ya mtambo.

Wakati huo hakukuwa na kampuni iitwayo Tavanel duniani.

Solange aliacha kuandika uamuzi. Sasa aliweza kuona yote yaliyotokea, kama aliyesimuliwa. Mzee amefariki. Binti, aliyeolewa na Gander, amefunga shughuli za marehemu kama zinavyofungwa huku: benki, simu, kodi ya kanisa, chama cha wafuga sungura, kila kitu kwa utaratibu wake na asante mwishoni. Ameifunga pia akaunti ya baba kwenye kampuni inayouza majina ya tovuti, akafungua yake, akalihamishia jina huko. Mtu mzembe angeendelea kulipia akaunti ya marehemu kimyakimya na asingepata tabu yoyote. Huyu alikuwa mnyoofu, akasafisha. Na kwa kusafisha akaukata uzi, kwa maana katika mashauri haya jina likipita kwa mtu mpya huhesabiwa limezaliwa siku hiyo, isipokuwa mtu huyo aonyeshe kwamba limebaki ndani ya familia moja na kwa kazi ile ile. Hakujua kwamba anatakiwa kuonyesha. Hata matangazo yalikuwa na maelezo yake: ukurasa ukiwa mtupu, kampuni za majina huujaza zenyewe, zikasubiri mwenyewe aweke vyake.

Lakini hayo yote yalikuwa kichwani mwa Solange. Katika faili hayakuwemo.

Saa nne, wakati wa kahawa, alimweleza Tancrède bila kutaja majina. Tancrède alikuwa anachovya biskuti, na hakuacha kuchovya.

"Sasa tatizo liko wapi?" akauliza. "Kaa kimya, soma karatasi, amua."

"Nikiamua kwa karatasi, mama yule ananyang'anywa jina."

"Basi mpe."

"Kwa karatasi zipi, Tancrède?"

"Aa, wewe nawe. Kwa zile ulizonazo kichwani. Nani atakuja kukufunua fuvu aangalie?"

Solange akasema kwamba Kistler naye ana mteja, na mteja huyo amelipia msuluhishi asiyemjua mtu.

"Haya, basi mnyang'anye," Tancrède akasema. "Mimi nimekupa njia mbili, zote hutaki. Unajua shida yako? Unataka kufanya haki, halafu unataka na mikono ibaki mikavu." Kisha, akiona hakutabasamu, akapunguza sauti. "Sikia, mwenzangu. Hili ni shauri lako la kwanza. Ukianza kwa kujitangaza kwamba unawajua watu, Geneva hawatakupigia tena. Watakuwa wanasema, yule mama wa visanduku."

Kulikuwa na njia ya tatu, na Solange aliijaribu mchana ule. Kanuni humruhusu msuluhishi kuziandikia pande zote mbili akitaka maelezo zaidi. Akaandika amri fupi: mlalamikiwa aeleze jina lilimfikiaje. Aliisoma tena na tena. Swali lilikuwa zuri, na mtu yeyote makini angeweza kuliuliza. Tatizo ni kwamba yeye hakuwa anauliza. Alikuwa anajua, na alikuwa anamnong'oneza mmoja wa wagomvi mahali pa kuchimba huku akijifanya hajui kuna nini chini. Akaifuta.

Ikabaki tamko. Msuluhishi akigundua baada ya kutia sahihi kwamba kuna jambo linaloweza kutia shaka, hulitangaza kituoni, nacho kituo huwapelekea wote wawili. Solange akaandika sentensi moja: "Nimegundua kwamba niliwahi kuwa mteja wa familia ya mlalamikiwa."

Tancrède, aliyekuwa anapita kuchukua koti lake, alisoma akiwa amesimama nyuma ya kiti cha Solange. "Weka nukta hapo," akasema. "Ni kweli, ni fupi, na haimdhuru mtu."

Solange hakuweka nukta. Alifikiri kwamba sentensi ile, ingawa ilikuwa ya kweli, ilificha zaidi ya ilivyofichua. Kistler alikuwa na haki ya kujua msuluhishi anajua nini hasa, tangu lini na kwa njia gani, la sivyo angewezaje kupima kilichomo kichwani mwake? Hiyo ilikuwa sababu nzuri. Lakini kulikuwa na jambo la pili, nalo lilimkaa kifuani. Akieleza yote, mama wa Yverdon atasoma, na kwa kusoma atajua ni kitu gani ambacho hakukisema na alipaswa kukisema.

Alijaribu kuzitenganisha sababu hizo mbili, ajue ni ipi inayosukuma mkono wake. Hakuweza. Mwishowe aliandika kwa sababu kilichokuwa mbele yake kilikuwa ukweli mzima, na hakuona anaweza kuukata wapi bila kuwa amechagua upande. Akaeleza kwamba alimwandikia Edgar Cuendet kupitia tovuti ya jina lile lile, akataja mwaka, akasema alifika karakana, akamwona binti kwa mbali, na kwamba anaamini binti huyo ndiye mlalamikiwa. Akasema hajawasiliana na familia hiyo tangu hapo.

Kijana wa kituoni alimpigia simu baada ya kupokea. Alikuwa na adabu sana. Akauliza kama Bi Berthoud angependa kulifupisha tamko kidogo, maana kwa kawaida mistari miwili inatosha. Solange akasema hicho ndicho anachojua, hana kifupi zaidi. Kijana akasema vema, atazipelekea pande zote mbili na kuzipa nafasi ya kusema lolote.

Aliyesema kwanza alikuwa mlalamikiwa, na hakusema kwa njia iliyotakiwa. Alipiga simu ofisini.

"Ni wewe Bi Berthoud?" sauti ya mwanamke ikauliza. "Mimi ni Noélie Gander. Ni wewe uliyekuja na bibi mwenye kofia nyekundu?"

Solange alisimama. Mama yake alikuwa na kofia nyekundu kweli, na yeye alikuwa ameisahau.

"Mama Gander, siruhusiwi kuongea nawe. Tafadhali waandikie watu wa kituo."

"Nilikuona siku ile. Mlidhani sikuinua kichwa, lakini nilikuona. Bibi aliuliza kama tunauza na chai."

"Mama, naomba ukate simu."

"Sikuombi kitu. Nataka kujua hili tu. Hapa umeandika mwaka uliotuandikia. Mwaka huo ndio wenye maana? Nilidhani wanataka kujua mambo ya sasa. Watu walioandika zamani ninao tele, wengine bado wanatuma kadi za Noeli. Niwaombe waseme?"

Solange alikuwa na jibu, na lilikuwa neno moja. Alitazama mlangoni, ambapo Tancrède alikuwa amesimama akisikiliza na mwavuli mkononi.

"Siwezi kukujibu," akasema.

"Huwezi au hutaki, mwanangu?"

"Siwezi. Na itanibidi niwaambie kwamba umenipigia."

 Kisha Noélie Gander akasema, bila hasira, kwamba baba yake alikuwa hivyo hivyo, mtu wa kuudhi, na akakata yeye mwenyewe.

Tancrède aliuliza kama kweli ataripoti. Solange tayari alikuwa amekaa na kuanza kuandika. Aliandika kila kilichosemwa, pamoja na lile swali, pamoja na kutojibu kwake. Tancrède akasema kwamba amemaliza kujizika, imebaki kumwaga udongo tu, akatoka kwenda kwenye kesi yake ya wapangaji.

Kistler alijibu kesho yake asubuhi. Hakutukana. Aliandika kwamba msuluhishi, kwa tamko lisilo na kipimo, amejigeuza shahidi wa upande mmoja, kwamba upande huo umeelewa ishara na kukimbilia simu, na kwamba mteja wake hawezi kuwa na imani naye. Aliomba pia tamko lenyewe lifutwe katika faili.

Solange aliisoma barua pepe hiyo akiwa kwenye basi la umeme, akaona kwamba ukiacha lile neno ishara, hana la kubisha. Na hata neno ishara hakuwa na hakika nalo. Alipofika ofisini akajitoa. Kituo kilimshukuru, kikateua msuluhishi mwingine, Mdenmarki wa mji wa Aarhus aitwaye Kjeldgaard, ambaye alikuwa ameamua mashauri mengi na, kwa kadiri Solange alivyoona mtandaoni, alikuwa mkali. Karibu katika yote aliyoyaamua, majina yalihamishwa.

Baada ya hapo hakujua lolote. Hilo lilimsumbua kuliko alivyotazamia. Kwa siku kadhaa alijikuta akitunga kichwani barua ambazo hangezituma, za kumwambia Noélie Gander aandike nini na aanzie wapi, kisha akajilazimisha kufungua faili za watu waliomlipa. Geneva hawakupiga simu. Kwenye mkutano wa mawakili mwezi uliofuata, mtu mmoja alimuuliza kwa uchangamfu kama ni yeye aliyeandika lile tamko refu, na alipokubali, mtu huyo akasema kha, akaenda kujaza glasi yake.

Maamuzi yote ya kituo huwekwa wazi, mtu yeyote ayasome. Solange alikuwa anatazama kila asubuhi kabla ya kuvua koti, na siku moja ya mvua uamuzi ukawepo. Aliusoma akiwa amesimama.

Noélie Gander alikuwa ametuma maandishi ya wateja wa zamani: kasisi wa Fribourg, mume na mke wa Basel waliowahi kuachana wakagombania kisanduku kimoja, mwalimu wa piano wa Besançon, na wengine. Kila mmoja alieleza alivyompata mzee Cuendet kupitia tovuti ya Tavanelle, na lini, na jinsi binti alivyoendeleza kazi hiyo hiyo baada ya mazishi. Kistler alipinga. Alisema mlalamikiwa alikuwa na nafasi moja ya kujibu na aliitumia kuandika maombi ya huruma, na kwamba haya ya sasa yamechotwa kwenye tamko lisilopaswa kuwepo.

Mdenmarki aliyapokea. Aliandika, kwa lugha kavu kama biskuti za jeshi, kwamba tamko la msuluhishi wa awali lilifikishwa kwa pande zote mbili kama kanuni zinavyotaka, kwamba kilichosomwa hakiwezi kufanywa hakijasomwa, na kwamba mlalamikaji alipewa muda wa kuyajibu maandishi ya wateja lakini hakuonyesha hata moja kuwa la uongo. Jina lilipita kutoka kwa baba kwenda kwa binti, kwa kazi moja, na lilikuwa likitumika kabla alama ya mlalamikaji haijakuwepo. Kuhusu matangazo ya majira ya baridi, alikubali kwamba mlalamikiwa angepaswa kuwa mwangalifu zaidi, lakini kutokuwa mwangalifu si nia mbaya. Malalamiko yamekataliwa. Jina libaki lilipo.

Kulikuwa na mstari mmoja zaidi, karibu na mwanzo, ambao Solange aliurudia. Ulisema kwamba mlalamikaji ameliomba baraza, ndivyo msuluhishi hujiita katika maamuzi, litamke kwa nini tamko la msuluhishi wa awali lilikuwa refu kiasi kile, na kwamba baraza halioni kuwa ni kazi yake kulijibu swali hilo.

Alivua koti. Maji ya mvua yalikuwa yamechuruzika hadi kwenye zulia, akatafuta kitambaa akayapangusa. Tancrède aliingia akiwa na mkate chini ya kwapa, akauona uso wake, akaja kutazama kwenye kompyuta. Alisoma kwa haraka kama kawaida yake, akianzia mwisho.

"Kumbe," akasema. "Umeshinda."

"Sikuwemo."

"Haya, hukuwemo. Na kama ungekuwemo?"

Solange aliifikiria ile rasimu aliyoianza, ile ya kusema kwamba maneno matupu ya mlalamikiwa hayatoshi. Ilikuwa imeandikwa vizuri, na ilifuata kanuni.

"Angenyang'anywa," akasema.

 Tancrède aliuweka mkate juu ya kabati, akauliza kama Geneva wamempigia. Solange akasema bado. Kisha simu ya ofisi ikalia, na wote wawili wakaitazama. Alikuwa mtu wa duka la miwani, kuwauliza kama maji yanayodondoka kwenye dari yake yanatoka kwao.

Solange akachukua kitambaa, akapiga magoti, akaendelea kupangusa.